Upande wa Pili wa Nailoni

Vendel Csordás alikuwa na siku moja tu katika wiki, nayo ni Alhamisi. Hizo nyingine zilipita mlangoni kwake bila kubisha hodi. Alhamisi ndiyo siku aliyopeleka spinachi kwenye chekechea ya kijiji, na mpishi wa pale, Bi Gizella, alikuwa akimkalisha kwenye benchi karibu na jiko, anampakulia bakuli la spinachi iliyosagwa na kuungwa kwa maziwa na kitunguu saumu, yai la kuchemsha juu yake, halafu anamuuliza, "Mzee Vendel, umelalaje wiki hii?"

Swali lenyewe la kawaida kabisa, hata kuku unaweza kumuuliza. Lakini tangu mkewe Etelka afariki, hakukuwa na mtu mwingine duniani aliyemuuliza. Huku kwetu ndivyo tulivyo. Mtu akifiwa, wiki ya kwanza tunamjazia nyumba kwa keki na masufuria ya supu, tunampa pole mpaka anachoka kuitikia. Wiki ya tatu kila mmoja ameshafunga geti lake, na msiba unabaki na mwenyewe. Vendel hakuwa na mtoto. Alikuwa na shamba lake pembeni mwa kijiji, banda refu la nailoni lenye umbo la nusu pipa ambamo alilima spinachi wakati wa baridi, mbwa kiziwi, na kiti cha Etelka kilichobaki palepale karibu na jiko.

Basi Alhamisi alinyoa ndevu. Watoto wa chekechea walimwita Babu Spinachi, wakimwona getini wanabandika pua zao kwenye kioo cha dirisha, na yeye anajifanya hajawaona mpaka afike karibu kabisa, halafu anawakunjia uso. Alikula taratibu ili bakuli lisiishe haraka. Akiulizwa amelalaje, alikuwa anajibu vizuri tu, hata kama hajalala kabisa. Jibu halikuwa na maana. Maana ilikuwa kuulizwa.

Mwezi wa pili, katikati ya ule ukungu wetu unaokaa juu ya tambarare wiki nyingi bila kunyanyuka, akaja mtaalamu wa maabara kutoka mjini, Dokta Noémi, akapita kwenye majiko ya chekechea zote kuchukua majani ya kupima. Kazi ya kawaida, kila mwaka wanapima. Vendel wala hakulifikiria jambo hilo. Siku chache baadaye Bi Gizella akampigia simu, na sauti yake ilikuwa nyembamba kuliko kawaida. Akamwambia spinachi yake imekutwa na naitreti, ile chumvi ya mbolea, nyingi mno kwa watoto wadogo. Wiki hii asilete. Jumatano ya wiki ijayo Dokta Noémi atakuja kuchukua majani mengine, na yakishindwa tena, chekechea italazimika kuchukua spinachi iliyogandishwa kwenye bohari la mjini, moja kwa moja.

"Siyo mimi, Mzee Vendel," alisema. "Ingekuwa mimi ningekula mwenyewe hiyo spinachi yako, na majirani ningewapa. Lakini hawa ni watoto wa watu."

Vendel akasema anaelewa. Akaweka simu chini, akageukia kiti cha Etelka na kukisimulia habari yote kuanzia mwanzo, kama alivyokuwa akifanya kila jioni. Hapo ndipo alipoelewa hasa alichoambiwa. Hakuwa ameambiwa habari za spinachi. Ameambiwa kwamba Alhamisi inaweza kuondoka. Akaketi na buti zake miguuni mpaka jiko likapoa, akaogopa, kwa kweli akaogopa, namna mtu anavyoogopa akiwa mgonjwa peke yake nyumbani.

Asubuhi hasira ikamjia, na hasira inasaidia. Naitreti? Mbolea yake alikuwa anaipima kwa kikombe kilekile cha bati cha Etelka, kikombe chenye mkono uliovunjika, hajaongeza hata punje. Majani yenyewe yalikuwa mazuri ya kupigwa picha, mapana, ya kijani kilichokolea kuliko miaka yote. Spinachi mbaya haiwi na rangi ile! Akajiambia huko maabara wamechanganya mifuko. Akajiambia pia kwamba safari hii atawaonyesha: atachuma kama Etelka alivyochuma, alfajiri kabisa, jani likiwa gumu limejaa maji, ukilikunja linalia. Katika nyumba ile spinachi ilichumwa alfajiri tangu enzi za baba mkwe, aliyekuwa anaiwahisha sokoni. Soko lilishakufa zamani, desturi ikabaki. Na mtu asiyepata usingizi kuamka alfajiri si kazi.

Dokta Noémi akawahi kuliko alivyotarajiwa. Ijumaa alikuwa anapita kijijini, akaona ni vyema kuliona banda lenyewe, kwa sababu yule mpishi, akasema, alimpigia simu mara tatu kumuombea mzee. Vendel alikuwa amejiandaa kugombana, akakosa pa kuanzia. Dokta alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye mafua na buti zenye tope, akasifu mistari ya spinachi ilivyonyooka. Halafu akatazama juu, akaacha kusifu.

Na wewe ungeacha. Nailoni ambayo zamani ilikuwa inang'aa kama maji, sasa ilikuwa imepiga ukoga wa kijani kutoka ubavu mmoja hadi mwingine. Juu ya ukoga kulikuwa na vumbi la barabara, na juu ya vumbi masizi ya majiko yetu ya makaa, na majani ya mti wa mjozi ya vuli iliyopita na ya vuli ya kabla yake yameganda humo. Ndani ya banda mchana mweupe ulikuwa kama chumba kilichofungwa pazia. Vendel alikuwa humo kila siku na hakuwa ameona. Giza lilimjia kidogo kidogo, akalizoea.

Dokta akatoa kipimo cha mwanga mfukoni, akatoka nje, akarudi ndani, akatikisa kichwa. Akamwambia hata nusu ya mwanga haiingii, na ukungu huu ulivyo, nusu yenyewe ni ya bure.

Vendel akasema majani yamekolea kijani kuliko mwaka juzi.

"Yamekolea kwa sababu yameshiba na hayajameng'enya," Dokta alisema. Akachuma jani moja, akalilaza kiganjani. "Mzee, chukulia jani ni jiko. Mizizi inapandisha naitreti kutoka kwenye udongo, kama mtu anayeleta unga mlangoni. Humu ndani kuna kimeng'enya kinachoupokea huo unga na kuugeuza chakula. Lakini kimeng'enya hicho kinafanya kazi mwanga ukiwepo. Jua likitoka, kinaamka. Ukifunika jani, haipiti muda kinazimika, na giza likidumu, mmea unaacha hata kutengeneza kingine."

"Na mizizi?"

"Mizizi iko chini, haijui kwamba huku juu jiko limezimwa. Inaendelea kuleta tu. Unga unarundikana mlangoni, hakuna wa kuupika."

Vendel akalitazama lile jani. Akaufikiria mzizi, kadiri mtu anavyoweza kuufikiria mzizi: unahangaika gizani, unaleta, unaleta, haupati jibu. Aliona aibu kidogo kwa sababu macho yalikuwa yamemlowa, akasingizia mbolea.

Dokta akamuuliza anachuma saa ngapi. Alipoambiwa alfajiri, akacheka mpaka mafua yakamkaba, halafu akaomba radhi. Akamweleza kwamba alfajiri ndiyo saa mbaya kuliko zote, kwa sababu jani limekesha gizani linapokea tu. Achume alasiri, jua likiwa limefanya kazi mchana kutwa. Ukungu, kwa mujibu wa redio, utanyanyuka Jumatatu. Basi kuna Jumatatu, Jumanne na Jumatano mchana. Nailoni ikiwa safi siku tatu hizo zinaweza kutosha. Ikiwa hivi ilivyo, hazitatosha.

"Huwa mnaiosha lini?" aliuliza.

"Tunaosha mwezi wa kumi," Vendel alisema.

"Basi iosheni kabla ya Jumatatu." Akapiga chafya, akaagana naye, akaenda zake. Hakujua kwamba amemwambia mtu mmoja kazi ya wawili.

Maana kuosha banda la nailoni, kwa yule asiyejua, ni kazi isiyofanyika na mtu peke yake. Huwezi kupanda juu, utatoboa. Ngazi haina pa kuegemea. Unachukua kamba ndefu, katikati yake unafunga blanketi kuukuu lililoloweshwa maji ya sabuni, unairusha juu ya banda. Mmoja anasimama upande huu, mwingine upande ule, kila mtu na ncha yake. Huyu anavuta, blanketi linapanda na kushuka kwake. Yule anavuta, linarudi. Mnasogea hatua, mnavuta tena, mpaka mwisho wa banda. Mwenzako humwoni, banda liko katikati. Unamjua kwa mkono wake tu. Etelka alikuwa na mvuto wake: kwanza anashtua kamba kidogo, kama anayeuliza uko tayari, halafu anavuta kwa mwendo mmoja mrefu mpaka mwisho. Na walikuwa wanaitana. Yeye akivuta anasema "kwangu," Vendel akivuta anajibu "kwangu," na mchana wote majirani tunasikia kwangu, kwangu, kama watoto wanaogombania mkate. Tulikuwa tunawacheka. Sasa ndiyo tunajua tulikuwa tunacheka nini.

Mwezi wa kumi wa kwanza baada ya msiba, Vendel aliitoa kamba ghalani, akaitazama, akairudisha. Mwezi wa kumi uliofuata hata hakuitoa.

Unaweza kuuliza, hakuna jirani? Jirani alikuwepo. Ng'ambo ya shamba, nyuma ya safu ya miti ya mikakasi, alikaa Rozália, mdogo wake Etelka, mjane naye, mwanamke mfupi mwenye ulimi wa kukata chuma. Lakini Vendel na shemeji yake hawakuwa wanasemeshana. Siku ya mazishi, watu wakiwa mezani, Rozália alisimama na kumwambia mbele ya kila mtu kwamba ni yeye aliyemfanyisha dada yake kazi kwenye baridi na unyevu mpaka mapafu yakamshinda. Vendel akamwonyesha mlango. Hakuishia hapo. Kesho yake alichukua koti la kazi la Etelka, lile la buluu lililoshonwa kwa pamba ndani, akaenda kulitundika kwenye geti la Rozália kama mtu anayerudisha kitu cha mkopo, akaondoka bila kubisha. Majira ya baridi mawili yalipita. Akitaka kwenda kijijini alizunguka njia ya mfereji, matope mpaka magotini, ili tu asipite mbele ya lile geti. Ukaidi wa nyumba hizi mbili ungeweza kuuzwa kwa kilo.

Na kilichomuuma zaidi Vendel hakuwa amemwambia mtu. Hakuwa na hakika kwamba Rozália alisema uongo.

Jumamosi akaitoa kamba. Panya walikuwa wamekula ncha moja, akaifunga upya. Akalowesha blanketi, akafunga jiwe kwenye ncha, akairusha juu ya banda. Mara ya kwanza jiwe lilimrudia mwenyewe. Mara ya pili likavuka. Akazunguka banda lote, akaifikia ile ncha upande wa pili, akavuta: blanketi likaja likachora mstari mmoja uliofifia, ukoga umekwaruzwa tu, haujatoka. Akazunguka tena kurudi upande wa kwanza, akavuta. Akazunguka. Akavuta. Mbwa alimfuata mizunguko michache, halafu akaona hakuna akili humu, akalala. Akajaribu kuifunga ncha ya pili kwenye mjozi ili apate kuvutia pembeni, lakini mti hauvuti, mti unashika tu. Akajaribu kufunga ndoo ya maji iwe inalirudisha blanketi kwa uzito wake. Ndoo ikashuka vizuri, ikagonga ubao wa chini na kupasuka.

Jioni ilipoingia alikuwa amesafisha kipande kisichotosha hata kuanika shuka moja. Mikono ilikuwa imechubuka, magoti hayataki. Akaketi juu ya ndoo iliyopasuka akalia, si kwa kuchubuka. Alilia kwa sababu mchana kutwa, kila alipovuta ile kamba, ilikuja kirahisi. Hakuna aliyekuwa ameishika. Miaka miwili alikuwa anajua kwamba Etelka amekufa, lakini mikono yake ilikuwa haijaambiwa, na siku hiyo iliambiwa.

Jumapili hakwenda kanisani. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba kutoka mlangoni hakuliona banda. Alijua haiwezekani kumaliza, lakini kukaa ndani kutazamana na kiti kulikuwa kubaya zaidi, akavaa buti akatoka. Akarusha jiwe, likavuka. Akasikia likidondoka ng'ambo. Akapumzika kidogo kabla ya kuanza mzunguko, kamba mkononi.

Kamba ikashtuka.

Kidogo tu, kama samaki anapojaribu chambo. Halafu ikavutwa kwa mwendo mmoja mrefu, ikaanza kumtoka mkononi, na blanketi likapanda juu ya banda likiacha njia.

Vendel hakupiga ukelele. Hakuuliza ni nani. Wazo lililomjia hata mimi naona haya kulisema, kwa sababu alikuwa mtu mzima mwenye akili zake. Mkono ule aliujua. Miaka yote ile alikuwa ameufuata mkono ule. Alijua vizuri kabisa kwamba haiwezekani, na alijua pia kwamba akitembea mpaka mwisho wa banda na kuchungulia, haitawezekana zaidi. Kwa hiyo hakwenda. Akashika ncha yake akavuta. Ng'ambo wakaiachia vizuri, si kwa ghafla, namna anavyoiachia mtu anayeijua kazi. Akasogea hatua. Kamba ikashtuka, ikavutwa.

Wakaenda hivyo asubuhi nzima. Hakuna aliyeita "kwangu." Blanketi lilipochafuka kila aliyelipata upande wake alilisuuza. Vendel alisikia maji yakimwagwa ng'ambo, akasikia mtu akikohoa mara moja, akajilazimisha asikisikilize kile kikohozi kilikuwa cha nani. Ukoga ukawa unatoka kwa mapande, unateremka pamoja na maji meusi. Na kadiri walivyosogea, nailoni nyuma yao ikawa inarudi kung'aa kama maji.

Hilo ndilo hakulifikiria. Karibu na mwisho wa banda walirudia kipande kilichokuwa kimeshindikana jana, na ukungu nao ulikuwa umelegea. Kamba ikavutwa, blanketi likavuka ng'ambo, Vendel akainua macho, na kupitia nailoni mbili, ya ubavu huu na ya ubavu ule, na spinachi katikati, akaona koti la buluu.

Kamba ikalegea mikononi mwake. Koti lilisimama pale, halisogei, mabega yaleyale, kitambaa kichwani. Kwa muda wa pumzi moja alikuwa na mke.

"Vuta, shemeji," Rozália alisema kutoka ng'ambo. "Mikono yangu inaganda."

Akavuta. Afanye nini? Alivuta na machozi yakamtiririka mpaka kidevuni, na hakuyafuta kwa sababu mikono yote ilikuwa na kazi. Koti lilimwenea Rozália vibaya, refu, mikono ameikunja. Alikuwa amelivaa, basi. Hakulitupa, hakuwapa maskini. Na mvuto ule, kushtua kwanza halafu mwendo mrefu, hakuwa Etelka aliyeubuni; walifundishwa wote wawili na baba yao, wasichana wadogo kila mmoja upande wake wa banda, kabla Vendel hajajua hata njia ya kuja huku. Ilikuwa mali ya nyumba yao. Yeye ndiye aliyekuja baadaye akashika ncha ya Rozália.

Walipofika mwisho alizunguka banda kwa haraka aliyoiweza. Hakumkuta. Kamba ilikuwa imekunjwa na kufungwa katikati kwa fundo, namna ileile, imewekwa juu ya jiwe pakavu. Koti la buluu lilikuwa linaingia kwenye mikakasi. Alifungua mdomo kumwita, na katika maneno yote aliyokuwa ameyarundika miaka miwili hakupata hata moja la kutangulia. Akasimama na kamba kifuani mpaka mwenzake akapotea kwenye ukungu.

Jumatatu redio haikudanganya. Jua letu la mwezi wa pili si jua la kujivunia, lina rangi ya chai ya wagonjwa, lakini lilitoka, likapita kwenye ile nailoni bila kuulizwa, likaketi juu ya majani. Vendel alishinda ndani ya banda kutwa. Hapakuwa na kazi. Alikuwa anatazama tu, kana kwamba angeweza kuviona hivyo vimeng'enya vikiamka na kuanza kuuondoa mrundo mlangoni. Kwa macho hakuna kilichobadilika isipokuwa rangi: kufikia Jumatano majani yalikuwa yamefifia kidogo, kijani kichanga kinachopitisha mwanga. Ingekuwa zamani angesema yameharibika.

Jumatano hiyo aliamka alfajiri, akavaa buti, akakumbuka, akazivua. Hakuna kitu kigumu kwa mtu wa huku kama kukaa kitako asubuhi na kisu kimenolewa. Akangoja. Dokta Noémi alikuja alasiri, mafua yamemwachia, akasimama mlangoni pa banda akatazama juu na kusema, aah, hapa sasa panasomeka hata gazeti. Akamsifu kwamba wamefanya kazi. Vendel akasema ndiyo, tumefanya. Akachuma mbele yake, naye akayatia majani kwenye mfuko mweusi uliozungukwa na barafu, akaahidi kupiga simu Ijumaa.

Alhamisi hiyo hakunyoa. Alisikia saa ya chakula ikifika, akajua watoto wamepewa kitu kingine, na kwamba benchi liko wazi.

Ijumaa simu ikalia akiwa anamenya viazi. Dokta hakuzungusha maneno: naitreti zimeshuka, si kwa tofauti kubwa, lakini chini ya kiwango cha watoto zimeingia. Alhamisi apeleke. Nyuma ya sauti yake mtu alikuwa anacheka, maabara ilikuwa na watu. Vendel akashukuru mara nyingi kupita kiasi, akaweka simu chini, na kama ilivyo ada akageukia kiti.

"Etelka," alianza.

Kiti kilikuwa kiti. Mbao na mto ulioliwa na nondo. Alikitazama akiwa na kisu mkono mmoja na kiazi mkono mwingine, na habari njema imemjaa mpaka kooni haina pa kwenda. Akaweka kisu chini. Akavaa kofia, akatoka, na hakushika njia ya mfereji. Alikata katikati ya shamba, akapita kwenye mikakasi, akafika kwenye lile geti alilotundika koti, akalishika kwa mikono miwili kwa sababu miguu ilikuwa inataka kurudi.

Rozália alikuwa uani anavunja vijiti vya kuwashia jiko. Alimwona akaendelea kuvunja.

"Imepita," Vendel alisema.

"Imepita nini?"

"Spinachi. Wamepima, imepita."

Rozália akakivunja kijiti kimoja, akakichagua kingine. "Na umekuja shamba zima, na magoti hayo, kuniambia mimi habari za spinachi."

"Sina mwingine wa kumwambia."

Aliona jinsi neno lile lilivyomfikia. Rozália akaweka vijiti chini kimoja kimoja, kama vinaweza kuvunjika zaidi. Kwenye msumari wa mlango, nyuma yake, koti la buluu lilikuwa limetundikwa likikauka.

"Rozi," Vendel alisema, "siku ile ya mazishi. Labda ulisema kweli."

"Sikusema kweli. Nilikuwa na uchungu, nikatafuta wa kumpiga nao, wewe ulikuwa karibu." Alijifuta pua kwa mkono wa sweta. "Mimi mwenyewe nilimwambia mara mia akae ndani. Angekaa ndani yule? Ungemfungia angetokea dirishani. Miaka miwili nakuona unapita kwenye mfereji kama mwizi wa bata, najisemea leo atageuka, leo atageuka. Halafu Jumamosi nakuona kutoka dirishani unalizunguka banda lako mwenyewe mbio, huku na huku. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikabaki hapo chini, sikucheka tena."

Vendel hakujua afanye nini na kofia yake. Akasema koti linamkaa vizuri.

"Halinikai. Ni refu." Rozália akavuta komeo, geti likafunguka kwa shida, maana halikuwa limefunguliwa kwa ajili ya mtu siku nyingi. "Ingia. Futa buti, sakafu nimepiga deki. Wewe unatisha kwa macho hayo, shemeji. Unalala kweli?"

Vendel akafuta buti, la kulia, la kushoto, la kulia tena. Akaketi kwenye kiti alichosukumiwa, karibu na jiko, na kwa mara ya kwanza hakujibu kwamba analala vizuri tu. Alianza kumweleza, tangu usiku wa kwanza.